Muuza Vifungo Anaingia Chuoni

Nilirudi shule kwa hasira. Wapo wanaorudi kwa kiu ya elimu, nimewasikia wakisema hivyo kwenye mahafali huku machozi yanawatoka. Mimi nilirudishwa na kijana mmoja aliyekuja dukani kwangu Kariakoo na dodoso la kurasa sita.

Nilikuwa na miaka arobaini na saba. Duka langu ni la vifaa vya mafundi cherehani: vifungo, zipu, nyuzi, lastiki, bitana. Upana wake mlango mmoja na nusu. Kijana aliingia, akatoa shikamoo yake vizuri, nikaitika marahaba, akasema yeye ni mtafiti kutoka chuo kikuu. Akataka kujua kama mimi ni mjasiriamali mdogo, mdogo sana au wa kati. Nikamwambia duka analiona, achague mwenyewe. Akaendelea kuuliza huku wateja wananisubiri, nami wakati nampimia mtu lastiki nikachungulia karatasi yake. Kwenye nafasi ya elimu alikuwa ameshajaza: "Msingi."

"Mwanangu, hapo umeniuliza saa ngapi?"

"Ah, samahani mama. Nilikadiria tu."

Mimi nilimaliza kidato cha sita, tena kwa alama za kunipeleka chuo. Sikwenda kwa sababu baba yangu alifariki mwezi uleule matokeo yalipotoka, na mtu wa kufungua duka lake asubuhi nilikuwa mimi. Yule kijana sikumweleza hayo. Nilimwambia aache hivyohivyo, asije akaharibu utafiti wake bure. Wiki iliyofuata nilimwachia mdogo wangu duka, nikaenda chuoni kuulizia fomu.

Mume wangu ni mtoto wa Ilala, dereva wa lori aliyestaafu, na ana kikohozi chake cha siku zote, mfano wa pikipiki inayokataa kuwaka. Nilimwambia tukiwa tunakula.

"Unaenda kusomea nini?"

"Kiswahili."

Alicheka mpaka kile kikohozi kikampanda. "Mke wangu, umezaliwa hapahapa, umeolewa hapahapa, leo unaenda kulipa watu wakufundishe Kiswahili! Mwakani utawalipa wakufundishe kupika wali."

Binti yetu hakucheka. Yeye alikuwa mwaka wa tatu katika chuo hichohicho, anasomea biashara. Aliniketisha kitandani kwake kama daktari anayetoa majibu mabaya.

"Mama, mimi sina shida na wewe kusoma. Ila ukiniona kule, naomba usiniite kwa ile sauti ya sokoni."

Tukakubaliana kwamba chuoni hatujuani. Aliuheshimu mkataba huo kikamilifu, isipokuwa siku ambazo alijua nimebeba chapati.

Siku ya kwanza niliingia darasani na kitambaa kizuri kichwani na mkoba wangu wa harusini. Kelele zikakatika. Vijana wakakaa sawa, mmoja akafuta ubao haraka, na binti mmoja akaja mbio kunieleza kwamba hakuhudhuria juma la utambulisho kwa sababu aliumwa, na cheti cha hospitali anacho. Nikakipokea, nikakisoma, nikampa pole, kisha nikaenda kukaa kiti cha pembeni yake. Alinitazama mpaka kipindi kikaisha. Tulikuja kuwa marafiki, ingawa hakunisamehe kwa kukisoma kile cheti mpaka chini.

Mwalimu wetu wa lugha na jamii alikuwa na miaka thelathini na mitano hivi, na shahada ya udaktari aliyoipata nchi ya baridi, na koti alilolileta kutoka huko ambalo alilivaa Dar es Salaam mwezi wa pili. Tulipokutana mlangoni mara ya kwanza ilitokea shida ndogo. Yeye ni mwalimu, mimi ni mzazi: nani ampe mwenzake shikamoo? Tulisimama tukatazamana. Akasema, "Habari ya leo, mama," nami nikajibu nzuri, tukapita kila mtu na heshima yake mkononi.

Somo la tatu lilihusu lugha ya Kariakoo. Nikakaa vizuri. Alitangaza kwamba wafanyabiashara wa Kariakoo huiita pesa "faranga". Nikanyoosha mkono.

"Dokta, hilo tulilisema mimi nikiwa shule ya msingi. Leo nenda mtaa wa Kongo umwambie mtu 'faranga', atadhani unauza vifaranga vya kuku."

Darasa likacheka. Yeye akatabasamu kwa subira.

"Asante kwa uzoefu wako, mama. Ila hilo lako halimo katika machapisho."

Hapo nilijifunza jambo ambalo shahada zangu zote tatu hazikunipa jingine la kulipita: kitu kilichopo mtaani hakipo mpaka mtu aliyekwishahama mtaa akiandike.

Nilimaliza shahada ya kwanza nikiwa wa pili darasani. Wa kwanza alikuwa yule binti wa cheti cha hospitali. Chuo kikaniomba niendelee na ya pili, na msimamizi niliyepangiwa alikuwa huyohuyo dokta wa koti. Mada yangu ilikuwa kukataa: namna muuzaji anavyomwambia mteja hapana bila kumwacha aondoke. Ni ufundi mkubwa kuliko watu wanavyodhani. "Haipungui" ni hapana ya kwanza, na maana yake inapungua. "Sema ya mwisho basi" ni hapana inayomvuta mtu mkono. Kuna ile ya kunyamaza ukapanga vifungo kama vile mteja ameshaondoka, na hiyo humrudisha kuliko maneno. Niliomba ruhusa kwa wenye maduka na wateja, nikarekodi miezi minne, dukani kwangu na kwa majirani. Jirani yangu wa ndoo na mabeseni, mtu wa Rombo, alikuwa akiona kinasa sauti anaanza kuongea kama taarifa ya habari.

"Kaka, ongea kawaida."

"Dada, hii ni sayansi. Lazima niongee vizuri."

Kila nilipompelekea msimamizi sura moja aliirudisha na maneno yaleyale pembeni: uzoefu binafsi, weka nadharia. Nikaweka nadharia. Akasema ongeza. Nikaongeza mpaka sura ya pili ikajaa watu wa Ulaya ambao hawajawahi kununua zipu. Rekodi zenyewe alizipenda. Aliniomba nimpe zote, "kwa ajili ya kuzihifadhi", nami nikampa, maana mwanafunzi akiombwa na msimamizi ni kama mpangaji akiombwa na mwenye nyumba.

Ikaja siku ya kongamano la chuo. Sikualikwa kusoma makala. Nilialikwa kusikiliza na kusaidia kupanga vitafunio, kwa kuwa mimi ni mama. Mvua ilikuwa imenyesha na maji yamefunga barabara pale Jangwani, nikafika nimechelewa, viatu mkononi. Nilifungua mlango wa ukumbi taratibu nikasikia sauti yangu mwenyewe ikitoka kwenye spika.

"Mama, hiyo bei unainunulia wapi, unipeleke na mimi?"

Ukumbi ukacheka. Msimamizi wangu alikuwa amesimama mbele na koti lake, na ukutani nyuma yake pameandikwa: "Mtoa taarifa wa saba, mwanamke, muuza vifungo." Nakiri kwamba kwanza nilifurahi. Nilikaa kiti cha nyuma, nikavaa viatu, nikasubiri kwa haya kidogo afike mahali pa kunitaja. Zile hapana zangu alizitaja moja baada ya moja, kwa majina niliyozipa mimi. Mifano akaipanga kama nilivyoipanga mimi. Akafika mwisho, akamshukuru Mungu, akamshukuru mkewe, akawashukuru wafadhili, akamshukuru hata fundi wa spika. Akakaa.

Mwenyekiti akauliza kama kuna maswali, na mkono wangu ukawa juu kabla sijaamua kuunyoosha.

"Dokta, hongera kwa kazi nzuri. Mimi nina swali dogo tu. Mwishoni mwa rekodi ile, kuna mwanamume anakohoa. Ni nani?"

Hakuwa ameniona nikiingia. Uso wake ulifanya hesabu ya haraka mbele ya watu mia.

"Ee, ni mteja. Mmoja wa wateja waliokuwepo nilipokuwa uwandani nakusanya data."

"Ni mume wangu. Alikuwa ameniletea supu."

Kisha mtu wa mstari wa mbele akapasuka kicheko, na wengine wakafuata, na mwenyekiti akasema labda tupate chai. Vitafunio nilikuwa bado sijavipanga. Sikuvipanga.

Ikaundwa kamati, maana chuoni hata kikombe kikipasuka huundwa kamati. Msimamizi wangu alijieleza kwa upole. Alisema kulikuwa na hitilafu katika urejeleaji, na kwamba mwanafunzi na msimamizi ni kama mama na mtoto, mali yao ni moja.

"Ni kweli," nikasema, "ila mama ni mimi."

Kamati ikaamua jina langu liongezwe kwenye makala yake. Likaongezwa, la pili. Yeye akapewa barua ya kumkumbusha maadili, na mwaka uliofuata akapandishwa cheo. Mimi nikacheleweshwa mwaka mzima nikisubiri msimamizi mwingine, kwa sababu ghafla walimu wote walikuwa na kazi nyingi.

Aliyenipokea alikuwa profesa mmoja mama, aliyebakiza muda mfupi kustaafu na aliyekuwa hamwogopi mtu. Alisoma kazi yangu yote, na nilijua aliisoma kwa sababu kulikuwa na doa la chai kila baada ya kurasa chache. Akaniita ofisini.

"Mdogo wangu, umeandika kama mgeni kwenye nyumba yako. Toa hizi kurasa za nadharia, bakiza mbili. Halafu niambie, hapo dukani kwako huwa panatokea nini?"

Nilimweleza, akasikiliza mpaka mwisho, nikatoka, nikaenda chooni nikalia. Tangu siku ya yule kijana wa dodoso, yeye alikuwa mtu wa kwanza kuniuliza swali na kusubiri jibu.

Nikamaliza. Nikaajiriwa kama mwalimu msaidizi nikiwa na miaka hamsini na tatu, baada ya usaili ambapo mjumbe mmoja aliniuliza najiona wapi miaka kumi ijayo, na mwenzake akamkanyaga mguu chini ya meza. Nikasoma ya tatu huku nafundisha. Siku nilipovaa joho jekundu mume wangu alikaa kwenye jua kwa muda wa saa tano, akalala nne kati yake, akaamka nilipoitwa jina akapiga kelele kuliko watu wote. Ilala nzima ikapata habari kwamba kuna dokta mtaani. Wiki hiyohiyo jirani alileta goti lake, mwingine akaleta mtoto mwenye homa. Nikawaeleza kwamba mimi ni dokta wa Kiswahili. Bibi mmoja akanitazama kwa huruma. "Kwa hiyo Kiswahili kinaumwa?" Nikamwambia, bibi, kule ninakofanyia kazi, hali yake si nzuri.

Sasa nieleze dhambi yangu, maana nisipoieleza mimi ataieleza mwingine. Yule dokta wa koti tuliendelea kukutana kila siku, ofisi zetu mlango kwa mlango. Alikuwa bado anafundisha lugha na jamii, bado kwa maneno yaleyale ya zamani. Chuo kikafungua tawi mkoani, mbali, na idara yetu ikatakiwa kupendekeza mtu wa kwenda kuliongoza. Kwenye kikao kila mtu aliinamia simu yake. Hakuna aliyetaka kuondoka Dar.

Nikasimama. Nimeuza bitana zilizopauka kwa mafundi wenye macho mazima, najua kazi. Nilimsifu yule mtu kwa dakika ishirini. Nilisema ana maono, ana nidhamu, ni mtu wa kulea vipaji vya wengine, tena hapo sikutabasamu. Nilisema itatuuma kumpoteza, lakini taifa kwanza. Wenzangu walinielewa mapema kuliko nilivyotarajia, wakaanza kugonga meza. Yeye mwenyewe macho yalimlowa. Akaja baada ya kikao akanishika mikono yote miwili.

"Mama, sikujua kama ulishanisamehe. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," nikasema. "Nenda ukawatumikie."

Akaenda. Somo lake nikapewa mimi, nalifundisha mpaka leo, na wiki ya pili ya kila muhula nawapeleka wanafunzi mitaani wakasikilize wenyewe, warudi waniambie wapi nimepitwa, na huwa nimepitwa. Mwezi wake wa kwanza kule alinipigia simu kunilalamikia kwamba huko maji yanatoka mara mbili kwa wiki na maktaba ina makabati, vitabu hakuna. Nilimpa pole nyingi. Nikakata simu nikacheka peke yangu ofisini.

Kuhusu wanafunzi wa huko, watoto wa watu, wanaofundishwa naye sasa, ningependa kusema sijawahi kuwafikiria. Nimewafikiria. Kisha kengele ya kipindi hulia, nachukua chaki zangu naingia darasani.