Wiki Sita za Viazi vya Kuponda

Mimi ni mtu wa maneno. Kwetu Nyololo walikuwa wakisema nilianza kubisha kabla sijaota meno, na sokoni hapa Mbeya, ninakouza viazi, wenzangu wakiwa na ugomvi na wenye malori wananituma mimi. Sasa mtu wa namna hiyo mfunge taya kwa nyaya wiki sita, halafu mkae naye nyumba moja. Mtakoma.

Ilikuwa bodaboda. Sitaieleza sana maana nikiikumbuka bado napandwa na hasira: dereva alitazama simu, tukaingia mtaroni hapahapa Iyunga, hatua chache kutoka nyumbani. Yeye akainuka akajipangusa suruali. Mimi nikainuka taya limevunjika sehemu mbili. Hospitali wakafunga meno ya juu na ya chini yakabanana, daktari akaniambia nitakula vya majimaji tu, kwa bomba la sindano lililotolewa sindano, kupitia kaupenyo nyuma ya magego. Nikamnyang'anya kalamu nikaandika kwa herufi kubwa: NINANYONYESHA.

Mwanangu alikuwa na miezi minne. Taya lingeunga, mifupa inaunga. Lakini maziwa yanatokana na chakula, na mimi nilikuwa sina pa kukipitishia. Hiyo ndiyo hofu niliyolala nayo na kuamka nayo.

Ningeweza kwenda Nyololo kwa mama yangu, lakini kila wiki nilitakiwa hospitali. Mume wangu ni dereva wa lori, wakati huo yuko njia ya Kongo. Nikabaki kwa baba yake, tunakoishi, pamoja na wifi yangu. Na hapo kuna jambo. Mimi Mhehe, nimeolewa kwa Wanyakyusa, na mila yao mkamwana na baba mkwe hawaonani uso kwa uso, hawasemeshani, hawapeani kitu mkononi. Mjini wengi wameshaacha. Mzee wetu hakuacha. Akitaka kupita anakohoa, khoo!, nami naingia chumbani mpaka apite. Zamani haikunisumbua, nilikuwa natoka asubuhi narudi jioni. Sasa nipo siku nzima, na yeye, mstaafu wa reli, yupo siku nzima. Khoo! Naingia. Nikitoka kuota jua, khoo! Narudi. Mdomo umefungwa, mlango umefungwa. Kuna siku nilisimama katikati ya kile chumba nikatamani kupiga kelele, nikakumbuka hata kelele sina.

Mama alikuwa anapiga simu, anaongea peke yake, mimi nagonga simu kwa kucha: mara moja ndiyo, mara mbili hapana. Siku moja akauliza wananilisha nini. Wifi akadakia, "Viazi vya kuponda, mama."

Mama akasema, "Haya, viazi nimesikia. Na chakula?"

Nilimwelewa. Kwetu mtu anaweza kumaliza sufuria ya viazi, ukimuuliza umekula, anakwambia bado, nasubiri ugali. Hata mimi niliyeviuza maisha yangu yote sikuwahi kuvihesabu kuwa chakula. Viazi ni mzigo. Unapima, unafunga gunia, unapakia.

Na vile vya wifi, Mungu anisamehe, havikuwa hata viazi. Ana saluni yake, asubuhi ana haraka. Anamenya maganda manene, anakatakata, anachemsha mpaka vinayeyuka, anamwaga maji yote, anaponda kwa mwiko, halafu anaongeza maji ya moto vipite kwenye bomba. Uji mweupe usio na ladha. Nilikuwa navuta bomba moja baada ya jingine, tumbo limejaa, nguvu sina.

Wiki ya pili nikapanda mzani. Kilo nne zimekwenda. Mtoto naye alikuwa ananyonya kidogo, anaachia, ananitazama, analia. Dada wa lishe pale kliniki alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya mkaguzi wa tiketi. Akamgeukia wifi: "Unampikiaje?" Wifi akaeleza. Yule dada akashika kichwa.

"Umemwaga vitamini na maji," akasema. Akatuambia kiazi si kitu cha kudharau: kina wanga wa kumpa mtu nguvu, kina vitamini C, kina potasiamu. Ila hivyo viwili vya mwisho vinatoroka. Ukimenya na kukatakata kabla ya kuchemsha vinaingia kwenye maji, nawe unayamwaga. Kichemshwe na ganda lake, kimenywe kikiwa cha moto. Na protini yake ni ndogo, mama anayenyonyesha hawezi kuishi kwa kiazi peke yake. Kwa hiyo kipondwe na maziwa badala ya maji, kiini cha yai kilichoiva, unga wa karanga uliosagwa laini, parachichi, kichujwe, aletewe kidogokidogo mara sita kwa siku. Akaandika yote kwenye karatasi. Kisha akanitazama mimi. "Ukishuka tena, daktari atazifungua nyaya kabla mfupa haujashika, taya lipone upandeupande. Na mtoto tutamwanzishia maziwa ya kopo."

Nilirudi nyumbani nimevimba kwa hasira. Mara sita kwa siku! Nani apike mara sita? Wifi saluni, mume Kongo, mimi kusimama jikoni dakika kumi naona giza. Ile karatasi nikaitupa chini karibu na jiko. Nikafungua daftari langu la kuongelea nikaandika: MIMI SI NDAMA WA KUNYWESHWA MAJI YA VIAZI. NA BABA YENU KAZI YAKE KUKOHOA TU. HII SI NYUMBA, NI MAHABUSU. Nikaliacha wazi mezani jikoni, wifi akirudi alione.

Kesho yake bakuli likaja jingine. Limefunikwa kwa sahani, limewekwa kwenye kigoda nje ya mlango wangu. Viazi vya rangi ya siagi, laini, vinapita kwenye bomba bila kugoma, na nyuma ya ulimi karanga. Saa nne likaja lingine. Saa saba lingine. Nikasema moyoni, ahaa, daftari limefanya kazi, wifi ameogopa! Jioni nikamwandikia: UMEJIREKEBISHA. Akasoma, akatazama pembeni, akasema asante, wifi.

Kitu kingine kilibadilika. Kikohozi sebuleni kikaisha. Mzee akahamia nje, kwenye rundo la kuni, na koti lake refu, na Juni ya Mbeya mnaijua, baridi inayouma masikio. Nikajua amesoma daftari, amenuna. Na anune! Nikakaa sebuleni na mwanangu, nikanyoosha miguu. Lakini sikuwa na raha, maana kupitia dirishani nilikuwa naona mgongo wa lile koti.

Mzani wiki ya tatu haukushuka. Mtoto alianza kunyonya mpaka anasinzia.

Wiki ya nne, saa nane mchana, nimelala chumbani na mtoto, wifi ameshanitumia ujumbe kwamba yuko saluni na kichwa cha bibi harusi. Nikasikia jikoni: pu, pu, pu. Nikakaa kitako. Wifi yuko saluni. Nani anaponda?

Nilifanya kosa ambalo mkamwana hafanyi. Nikasogeza mlango nikachungulia.

Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda, amenipa mgongo. Alikuwa anamenya viazi vya moto kwa vidole, anavirusha mkono huu kwenda mkono ule, anapuliza vidole, anaendelea. Karatasi ya dada wa lishe ilikuwa ukutani, imetundikwa kwa msumari, pembe moja imeungua. Akaponda kwa kitako cha kikombe cha bati. Akafuata mstari kwa kidole, akamimina maziwa. Akafuata mstari mwingine, akatia kiini cha yai, akachuja kwa chujio la chai, akaonja, akaongeza chumvi chembe. Nilirudi kitandani mbio. Nikamsikia akiweka bakuli kwenye kigoda cha mlangoni, akatoka kwa mlango wa nyuma, na alipofika mbali kabisa kwenye kuni zake ndipo akakohoa.

Nililia. Usijaribu kulia ukiwa umefungwa taya. Pua inaziba, na mdomo haufunguki, unabaki unavuta hewa kwenye meno. Nililia hivyohivyo, na viazi nikavila vyote.

Wifi aliporudi nikamwekea daftari mbele: NI BABA? Akakaa. "Alinikataza nisiseme," akasema. "Alisema ukijua mkono wa mkwe ndio umepika, hutakula. Wifi, kwani hukujua? Baba alikuwa mpishi kwenye behewa la chakula, mpaka anastaafu."

Ningejuaje? Miaka mitatu ndani ya ukoo ule, nilichokuwa najua juu yake ni kikohozi. Na alisema kweli, wiki ya kwanza nisingekula. Nikaandika: ALISOMA NILIYOYAANDIKA? Wifi akacheka. "Alisoma. Akacheka mpaka akakohoa kikohozi cha kweli. Kisha akasema mfungwa apewe uwanja, akachukua koti lake."

Nilitafuta ule ukurasa niuchane. Nikauchana, lakini aibu haichaniki.

Wiki ya sita nyaya zikatoka. Daktari akaniambia, haya, sema kitu. Nikatikisa kichwa. Watu wote mle chumbani wakadhani bado naumwa. Kweli nilikuwa naumwa, kinywa kilifunguka upana wa kijiko tu, lakini neno la kwanza lilikuwa na mwenyewe. Mzani ukasema nimerudisha kilo mbili kati ya zile nne. Nikarudi nyumbani, nikaacha kadi ya kliniki, ile wanayoandika uzito wangu, mezani jikoni kama kila wiki, nikaenda sebuleni. Nje shoka lilikuwa linapasua kuni. Nikakaa chini ya dirisha, nimeligeuzia mgongo, nikampakata mwanangu tukatazamana.

"Mwambie babu," nikamwambia mtoto, kwa sauti kubwa, sauti yangu mwenyewe imekwaruza sikuitambua. "Mwambie babu, ndaga fijo."

Ni asante sana kwa Kinyakyusa. Shoka likanyamaza. Nikasikia hatua zikizunguka kwenda mlango wa nyuma, zikaingia jikoni, zikasimama mezani muda kidogo, zikarudi. Mtoto alikuwa anacheza na kifungo cha blauzi yangu.

Kisha sauti ikaja dirishani, nene, ya upole, sikuwahi kuisikia ikija upande wangu.

"Mjukuu wangu, mwambie mama yako kadi nimeiona. Bado kilo mbili."

Nikabana midomo nisilie tena. Hatua zikaanza kuja mlangoni, zikasimama nje.

Khoo!

Nikambeba mwanangu haraka, nikaingia chumbani, nikafunga mlango mwenyewe, nimpishe apite akapike.