Mtumishi Aliyesimulia Riwaya

Nilikuwa na miaka ishirini na sita nilipopewa kufundisha riwaya ambayo mwenyewe sikuielewa. Nilikuwa nimerudi Rwanda kutoka Tanzania, nilikozaliwa, na shule moja ya sekondari ya Gisenyi ikanichukua kwa kuwa nilisomea Kifaransa. Kitabu kilikuwa cha Ulaya ya zamani: msafiri anafikia nyumba moja milimani, na mtumishi mzee anamsimulia jinsi bibi wa nyumba ile alivyopenda mpaka akafa.

Nilianza na historia. Niliandika ubaoni kwamba waandishi wa enzi ile walichoshwa na miji ya viwanda, wakakimbilia milima, dhoruba na mioyo yao wenyewe. Wanafunzi walinakili. Hakuna aliyeuliza kitu.

Mwenye nyumba wangu alikuwa mjane aliyevuka Petite Barrière, kivuko cha mpakani, kila siku kupeleka maharagwe Goma, upande wa Kongo, kwa dada yake mwenye meza sokoni. Jumapili moja alasiri, akichambua maharagwe uani, aliniona nimekunja uso juu ya kitabu, akaniomba nimsomee. Nikawa namfasiria sentensi moja moja. Hatujafika mbali, akainua mkono.

"Ngoja, mwalimu. Huyu mwenye kusema 'mi', ni nani?"

"Sasa ni mtumishi, mama. Mwanzoni alikuwa msafiri."

"Musafiri aliona ile mambo?"

"Hapana, aliambiwa tu."

"Na mutumishi, alikuwa anapenda ule bibi?"

Nilirudisha kurasa nyuma kutafuta. Akacheka.

"Pale barrière, mutu akikuletea habari ya Goma, unauliza kwanza: aliona, ao aliambiwa? Na yeye iko na faida gani ndani?"

Nikakirudia kitabu tangu mwanzo, penseli mkononi. Kumbe mtumishi mwenyewe ndiye aliyeficha barua ya bibi, isimfikie mpenzi wake. Alikiri kwa sentensi moja fupi, katikati ya kujisifu, nami nilikuwa nimeipita mara mbili.

Jumatatu sikugusa chaki. Niliuliza swali la yule mama kuhusu mtumishi: aliona au aliambiwa, na ana faida gani ndani yake? Msichana ambaye hakuwahi kunyoosha mkono akasema kwa Kifaransa cha kusitasita, "Mwalimu, huyu mzee anajitetea." Mwenzake akampinga. Kengele ililia, wao wakabaki wanabishana, nakala mbili tu za kitabu, zilizotosha darasa zima, zikipita mkono kwa mkono. Niliegemea dirisha nikawasikiliza, na kwa mara ya kwanza tangu nihamie mji ule nikajiona mwalimu.