Vumbi la Bawa na Majoho ya Kwaya

Jumapili, tarehe tisa Februari. Jua kali tangu asubuhi, kaskazi inavuma hadi kamba za nguo zinaimba.

Naandika haya kwa aibu, na mkono wenyewe unaoandika unawasha, kwa hiyo mwandiko usichekwe.

Kosa lilianza dogo. Bosi wangu ninakotunza bustani, kule Kilifi karibu na bahari, alishusha kinu chake cha upepo kwa kuwa mabawa yalikuwa yamechakaa, na mabawa hayo yakakosa pa kwenda: lori la taka liliyakataa, mnunuzi wa vyuma chakavu akayagonga kwa kucha akasema hii ni faiba kama ya boti, si chuma, na kuyachoma bosi mwenyewe alikataza kwa sababu ya moshi wake. Mimi (mtu wa darasa la sita, lakini nina mawazo) nikaona bawa ni refu na lina uwazi ndani, nikilipasua nitapata mfereji wa kukingia maji ya paa. Nikaomba moja. Bosi alifurahi hadi akanitafutia tuktuk ya kulileta kwangu Tezo.

Jana nikalipasua kwa msumeno. Vumbi lake lilimetameta likaenda na upepo moja kwa moja kwenye kamba, ambako mke wangu Kadzo alikuwa ameanika majoho ya kwaya, maana ilikuwa zamu yake ya kufua. Sitajitetea: niliona. Nikayakung'uta kwa mkono, nikanyamaza, kwa kuwa Kadzo alishaniambia nisikate siku ya kufua.

Leo kanisani ubeti wa pili haukuisha. Sauti ya kwanza walianza kujikuna shingo, kisha sauti ya tatu, kisha sisi wa besi, na mwalimu wa kwaya akawa anatuongoza kwa mkono mmoja na kujikuna kwa mwingine. Mwanzo watu walicheka. Kisha mmoja wetu akasema, "Huu ni upupu. Tumetupiwa." Kicheko kikafa.

"Nani alikaribia kamba jana?" mwingine akauliza.

Kadzo, ambaye hawezi kusema uongo hata wa kuombea chumvi, akajibu, "Ni jirani tu, Mzee Karisa. Alishika kamba akapumzika."

Mzee Karisa ana mvi kichwa kizima na anaishi peke yake. Huku kwetu hayo mawili yanatosha mtu kuitwa mchawi. Vijana watatu wa kwaya wakavua majoho, wakasema wanakwenda kumuuliza. Kuulizwa nakujua, kuna mzee aliulizwa, na matangani kwake nilikaa siku tatu. Na bado (niandike kweli) sikuinuka mara moja. Nilifikiri kwanza nani atanicheka. Nilipoinuka walikuwa washafika barabarani, na nusu ya kanisa nyuma yao.

Nikawakuta uani kwake. Mzee alikuwa anawatolea viti. "Karibuni wanangu, leo ibada imeisha mapema?" Kijana mmoja alikuwa ameshika fimbo.

"Ni mimi," nikasema. "Ni vumbi la lile bawa langu."

Yule kijana akanijibu, "Baba Neema, usimkingie. Bawa lilimwasha nani lini?"

Nikakimbia uani kwangu, ni ua mmoja tu unaotutenganisha, wote wakanifuata, nikavua shati mbele ya waumini, nikalikata bawa kwa msumeno, nikajipaka lile vumbi kifuani na tumboni kama mtu anayejipaka mafuta. Tukangoja. Sijawahi kuomba niwashwe, leo niliomba. Vipele vilipotoka nikaanza kurukaruka na suruali yangu ya Jumapili, mama mmoja akasema, "Haya, mvua haijanyesha na mfereji ushamloweka," watu wakacheka, yule kijana akaweka fimbo chini.

Mzee Karisa hakucheka. "Jana uliliona hilo vumbi, mwanangu?"

"Niliona, mzee."

Akatikisa kichwa, akaenda kurudisha viti vyake ndani.

Bosi nimempigia simu, amesema bawa halirudi, mawili yaliyobaki kwake yamemshinda. Nimelifunika kwa turubai pale ukutani, sijui pa kulipeleka. Kuanzia leo kitu ambacho mwenyewe hajui atakitupa wapi, mimi sikileti kwangu. Na nikikosea nitasema palepale, si baada ya watu kushika fimbo.

Jioni tumekula sima na mboga ya mchunga. Tulimwita Mzee Karisa, akaja. Alikula kidogo, na kigoda chake alikigeuza akawa anatazama njia waliyojia wale vijana.