Ua la Meza ya Memsahibu

Siku niliyoandikwa kazi kwenye machimbo ya dhahabu ya Geita nilikabidhiwa shoka, randa na rundo la magogo. Vita vya Hitla vilikuwa vimekwisha, nami nilikuwa kijana mwenye nguvu na majivuno. Tulitengeneza nguzo za kuzuia mwamba usiwaangukie wachimbaji kule chini. Bwana Msimamizi wa Mbao hakupenda maneno. Alipita akipapasa kila nguzo kwa kiganja, na iliyokuwa na kinundu aliipiga teke. Ndiyo maana nilijifunza kuanza kila kazi kwa randa, na kwa miaka sita mikono yangu haikujua salamu nyingine.

Miaka ya hamsini ilipoanza nikahamia machimbo ya almasi upande wa Songwa, karibu na kwetu Mhunze, Kishapu. Karakana iliongozwa na Fundi Mkuu, Mnyamwezi mfupi aliyefundishwa useremala misheni. Mzee yule alijua mbao kama wafugaji wetu wanavyojua ng'ombe wao, na kwa Usukuma hiyo si sifa ndogo.

Asubuhi moja lori lilituletea meza ya memsahibu, mke wa Meneja. Sijawahi kuona kitu kizuri kama kile, mpaka leo. Miguu yake ilipinda kwa madaha, na magotini ilivishwa shaba. Juu palikuwa na shada la maua ambalo nilidhani limepakwa rangi. Fundi Mkuu akanisogeza karibu, akanionyesha kwamba kila petali ni kipande cha mti wake, kimetiwa njumu, yaani kimepachikwa kwenye mbao nyingine mpaka kidole kisisikie maungio. Alisema ni mtindo wa wafalme wa zamani wa Ufaransa, na kwamba mafundi wa baadaye waliufufua, wafalme wenyewe wakiwa wamekwisha kuzikwa. Memsahibu aliirithi meza ile kwa bibi yake. Ukavu wa Kishapu ulikuwa umeibana, na petali kadhaa zilikuwa zimebenuka.

Nilipewa kazi ya kuzibandika upya kwa gundi ya ngozi ya ng'ombe, tuliyoichemsha wenyewe. Fundi Mkuu akaenda Shinyanga kuchagua mbao. Nikabandika, nikakandamiza kwa vyuma, nikaacha zikauke. Kesho yake petali moja ilikuwa imeinuka kidogo kuliko nyingine. Mkono ukachukua randa kabla akili haijauliza. Nilisukuma mara moja tu, petali ikatoka yote, imejikunja kama ganda la kitunguu, maana haikuwa nene kuliko karatasi chache. Nikakaa chini sakafuni. Mke wangu alikuwa na mimba ya kwanza, na Meneja alijulikana kwa kumfukuza mtu kabla hajamaliza kujieleza.

Fundi Mkuu aliporudi sikumficha. Aliitazama meza kwa muda mrefu, kisha akaniuliza ni nani aliyenifundisha kuanza na randa. Nikamjibu kwamba ni Geita.

“Basi hapa, mwanawane, tutaanza na macho,” akasema. “Utaitengeneza wewe mwenyewe. Na ukimaliza, utamwambia mwenye meza.”

Tulitafuta tawi kavu la mlimau, mti mweupe wenye nyuzi laini, nikalipasua kwa msumeno mwembamba. Tatizo likawa kivuli. Petali ya zamani ilikuwa na weusi ukingoni, ukififia polepole kuelekea katikati, na haikuwa rangi. Fundi Mkuu akanieleza kwamba ukingo wa kipande huchomekwa kwenye mchanga wa moto mpaka uungue kwa kiasi kinachotakiwa. Sasa, kwenye machimbo ya almasi mchanga ni kitu cha kukupeleka jela. Ikabidi niuchote kwenye mto mkavu nje ya Mhunze na kuuingiza kwa kibali. Askari wa lango, Msukuma mwenzangu, aliupekua wote kwa vidole huku akisema amezoea kuwakamata wanaotoka na mchanga, huyu anayeingia nao hajui amshitaki kwa kosa gani. Mchanga ule haukuruhusiwa kutoka tena.

Niliunguza vipande vingi. Vingine viligeuka mkaa nikiwa bado napepesa macho. Siku ya tano nikapata kimoja ambacho Fundi Mkuu alikipindua huku na huku, akanirudishia bila neno. Kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa, na sioni haya kusema kwamba nilitoka nje nikafuta machozi.

Memsahibu alikuja mwenyewe kuiangalia meza yake. Alipitisha vidole juu ya shada lote, akatabasamu, akatushukuru kwa Kiswahili chake cha polepole. Hakuona kitu. Hapo ningeweza kunyamaza, na niseme ukweli, nilitaka sana kunyamaza. Fundi Mkuu alikuwa akipanga patasi zake, amenipa mgongo.

“Memsahibu,” nikasema, “petali ya bibi yako niliiharibu. Hii hapa ni yangu.”

Aliinama akaitazama kwa karibu. Akaniuliza ni mti gani, nikamwambia. Akaniuliza kama angejua endapo nisingemwambia. Nikajibu kwamba asingejua.

“Basi na Bwana Meneja hatajua,” akasema, akavaa kofia yake.

Nilifanya kazi pale mpaka nikastaafu, miaka ya mwisho nikiwa Fundi Mkuu mimi mwenyewe. Nimetengeneza milango, madawati, na majeneza ya watu niliowapenda. Vijana wanaokuja kujifunza kwangu siwaruhusu kugusa randa mwezi wa kwanza. Wananung'unika, nami nawaacha wanung'unike. Memsahibu alirudi kwao na meza yake, na sijui leo inakaa nyumba gani. Wajukuu wakiniuliza ni kitu gani nilichokitengeneza vizuri kuliko vyote, wanategemea niitaje altare ya kanisa letu. Mimi nawanyooshea kidole gumba, nawaonyesha ukucha. Kitu chenyewe kilikuwa na ukubwa huu.