Ng'ombe wa Shemeji

Kabla sijaanza kuwakemea wengine kwa uvivu wa kufikiri, niliutenda uvivu huo mwenyewe, tena kwa kalamu ya serikali. Ilikuwa miaka ya Ujamaa. Nilitumwa Machame kuhesabu ng'ombe, ili dawa ya chanjo iagizwe kwa idadi nitakayoleta. Nilipewa fomu yenye swali moja kuu: "Una ng'ombe wangapi?" Sikujiuliza kama swali lile lilifaa. Lilikuwa limepigwa chapa, na kwangu chapa ilikuwa na hadhi ya Maandiko.

Kila mwenye shamba alinikaribisha migombani, akanipa kibuyu cha mtindi, akajibu kwa utulivu: "Huyo unayemsikia akilia ndani si wangu. Ni wa shemeji yangu wa Marangu, mimi namtunza tu."

Hakusema uongo. Huku kwetu ng'ombe hukabidhiwa jamaa, mtunzaji akapata maziwa na mbolea. Lakini shemeji wa Marangu, alipoulizwa na mwenzangu aliyetumwa kuhesabu huko, alijibu kwamba zizi lake ni tupu. Nikaandika sifuri, nikafuta mtindi mdomoni, nikaenda nyumba ya pili.

Siku ya tatu nilifika kwa mjane mmoja mzee, mtunzaji wa ng'ombe wa kaka yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umepata wangapi?"

Nikamwonyesha karatasi. Akanitazama kwa huruma.

"Na huo mtindi uliokushibisha siku zote hizi, waliukamua mgombani?"

Nikaanza kuikunja karatasi.

"Dawa ikija kwa hesabu hiyo, huyu wangu atachanjwa kwa maji ya mfereji?"

Kesho yake niliifungia fomu mkobani, nikaketi kando ya njia wanayopandia wanawake wenye mizigo ya majani kutoka tambarare. Ng'ombe aweza kuwa na wenyewe wawili, lakini hawezi kula katika mazizi mawili.

"Mama, majani haya yanalisha wangapi nyumbani?"

Walijibu bila kusita. Aliyebeba mzigo kichwani hana sababu ya kuwaficha walaji wake.

"Watatu," alisema mmoja. "Wa nne ni mume wangu, ila huyo usimwandike."

Dawa ilipofika, ilitosha. Bwana mifugo alimwuliza yule bibi jina la mwenye ng'ombe.

"Ni wa kaka yangu," akajibu, akimshika mnyama pembe. "Lakini andika langu. Majani nakata mimi."