Siku Mafiga ya Mama Yalipong'olewa

Nina hasira hadi leo, na sioni haya kusema. Walikuja kwetu Manga Ijumaa mchana, mimi na mama tukipika mapema vyakula vya Sabato: msichana mmoja kutoka Nairobi na kijana wa kupiga picha, wamevaa fulana zenye nembo ya kampuni ya mafuta. Ndiyo, mafuta yale ya kuchimbwa ardhini. Msichana alieleza kwamba kampuni imeamua kuhamia nishati safi. Nikadhani inafunga visima vyake. Kumbe kuhamia kwenyewe ni kutugawia sisi majiko madogo ya udongo na bati, halafu moshi ambao hatutoi tena unahesabiwa kuwa wema wao.

"Shosho, jiko ni bure," alimwambia mama. "Lakini hayo mafiga lazima tuone yameng'olewa. Tunapiga picha."

Juu ya mafiga hayo kulikuwa na uchaga, na kwenye uchaga mama alikuwa ametundika mahindi ya mbegu na maganda yake, meusi kwa masizi. Mbegu hiyo alipewa na mama yake alipoolewa. Kila mwaka aliipanda, akavuna, akachagua mahindi manono na kuyarudisha pale juu. Fukusi hawapendi moshi, na mama hajawahi kutumia dawa nyingine.

Nikauliza mbegu zitalindwa na nini. Msichana akatazama juu, akakohoa, akasema moshi unaua watu. Ni kweli. Macho ya mama hutiririka machozi jikoni, na jiko lile dogo silisemi vibaya. Ningelipokea kwa mikono miwili kama wangetuachia na mafiga. Lakini kwetu mgeni aliyekula chakula chako humnyimi kitu, na hawa walikuwa wamemaliza sahani nzima ya ndizi. Mama akanikata jicho ninyamaze, akaenda mwenyewe kuleta jembe. Wakampiga picha akitabasamu, jiko jipya mapajani.

Kufikia msimu wa kupanda, mahindi yote yalikuwa yametoboka. Ukiyashika, unga unakumwagikia viganjani. Mama aliyapukuchua hata hivyo akitafuta punje nzima, akakosa, akawarushia kuku. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, tena kwa hasira.

Tukaenda Keroka kununua mbegu, mara ya kwanza maishani mwa mama. Kwenye kituo cha mafuta, kando ya barabara, kulikuwa na bango kubwa: mama yangu, jiko lake, na maandishi ya Kiingereza. Aliniuliza yanasema nini. Nikamwambia yanasema mafuta haya sasa ni safi, kwa sababu yake.

Chini ya bango lori lilikuwa likishusha petroli, na magari yamepanga foleni yakingoja. Mama alilitazama lile lori, kisha akanigeukia.

"Na hawa," aliuliza, "mafiga yao yatang'olewa lini?"

 Tukavuka barabara hadi dukani. Muuzaji akatupimia mbegu, akatuonya tusiweke akiba ya kupanda tena, maana haitazaa vizuri. Kila msimu itabidi turudi kwake.