Kipanya cha Kaka Yangu

Najua utasema mzee huyu amechanganyikiwa. Sema tu. Hata mimi, kama ningehadithiwa na mtu mwingine, ningecheka. Lakini jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, mchana, kwenye kibanda changu cha kutengeneza redio hapa sokoni Othaya, na pombe niliiacha miaka mingi iliyopita.

Nilikuwa na kaka mmoja, Baba Njeri. Mashamba yetu ya chai yamepakana, na mpaka wenyewe marehemu baba aliuweka kwa matooka, yale maua ambayo huku kwetu hakuna anayethubutu kuyang'oa. Ndiyo mpaka, na anayeyasogeza hujiletea laana. Basi mimi niliyasogeza. Kaka alipopigwa na kiharusi akalazwa hospitalini, niliingia na jembe asubuhi moja, nikayahamisha hatua tatu upande wake. Hatua tatu! Mistari miwili ya chai. Nani humfanyia ndugu yake hivyo akiwa mgonjwa? Mimi.

Alirudi nyumbani hawezi kusema. Mkono wa kushoto ulikuwa umekunjamana kifuani, wa kulia umebaki na nguvu kidogo. Binti yake akamletea kompyuta yenye herufi zilizopangwa kwenye kioo. Kaka alisogeza kipanya, akabonyeza herufi moja, akatafuta nyingine. Hivyo ndivyo alivyoongea. Kuomba maji tu kulimchukua dakika nzima.

Siku moja mkewe, Mama Njeri, alikuja kibandani na kile kipanya. Ni cheusi, hakina waya, na kifuniko cha betri kilikuwa kimebandikwa plasta ya kidonda.

"Shemeji, hii kitu imekataa kuwaka tangu jana. Nimeweka betri mpya, wapi!"

"Iache hapo."

"Angalia saa hii, tafadhali. Ni wewe anaandikia. Ameanza barua yako, na ati hataki hata mimi nisome."

Barua gani, kama si ya matooka? Nilijua, au nilidhani najua. Ingesomwa mbele ya wazee wa ukoo, na mimi ningeaibika.

"Mama Njeri, hii ni kazi ya wiki nzima. Spea zake hutoka Nairobi."

"Wiki? Na vile hujisifu unafufua redio za babu zetu!"

"Redio si kompyuta."

Alipoondoka nikakitupa ndani ya droo. Sikukifungua hata kukitazama. Alipiga simu mara mbili, na mara zote nikasema bado. Siku ya tisa kaka akafa. Nililibeba jeneza lake na nikalia kuliko watu wote, na kila mtu akasema, ona mtu aliyempenda ndugu yake.

Sasa sikiliza. Mwezi haukuwa umeisha tangu mazishi. Ilikuwa Julai, na ukungu ulikuwa umeshuka vilimani mpaka sikuona kibanda cha jirani. Saa tisa mchana nilikuwa nimewasha taa. Mtu akasimama mbele ya meza yangu, koti refu, kofia imeshushwa hadi machoni. Hakusalimu. Aliweka kipanya mezani, akangoja.

"Kimekuwaje?" nikauliza.

Nikasukuma swichi ya chini. Hakuna taa. Nikabandua plasta bila kufikiri, maana mikono ya fundi hutangulia akili, nikafungua mahali pa betri. Niamini, kazi yenyewe ilikuwa ya kitoto. Betri ya zamani ilikuwa imevuja, springi ikaota kutu ya kijani, umeme haupiti. Nikachovya mswaki kwenye siki, nikasugua, nikakausha kwa kitambaa, nikaivuta springi kidogo ili ikamate, nikatia betri. Taa nyekundu ikawaka. Dakika tano, hazikuzidi.

"Ni hiyo tu," nikasema.

Akanyoosha mkono wa kulia. Akakishika kipanya, akakisogeza polepole juu ya mbao, akabonyeza. Akasogeza, akabonyeza. Mkono wa kushoto ulikuwa umekunjamana kifuani, ndani ya koti.

Unadhani nilikimbia? Kwa miguu ipi? Nilibaki nimekaa, naangalia ule mkono ukiandika juu ya meza, herufi baada ya herufi, mahali ambapo hapakuwa na kioo wala karatasi.

"Kaka," nikasema, "sioni unachoandika."

Akaendelea. Aliandika kwa muda mrefu, kama mtu mwenye mengi.

"Sioni! Niambie kwa njia nyingine!"

Muuza mitumba wa kibanda cha pili akaniita kutoka kwenye ukungu. "Fundi! Leo unagombana na redio? Imekujibu nini?"

Niligeuza kichwa tu. Nilipokirudisha, hapakuwa na mtu. Kipanya kilikuwa pale mezani, taa inawaka. Nikavuta droo. Ilikuwa tupu.

Jioni hiyo nilikipeleka kwa Mama Njeri. Alikitazama, kisha akanitazama mimi.

"Kumbe spea zilifika."

"Hakikuhitaji spea."

"Kilihitaji nini?"

"Siki na mswaki."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Aliwasha kompyuta ya marehemu, na kile kidude kinachopokea mawimbi ya kipanya kilikuwa bado kimechomekwa ubavuni mwake. Akabonyeza mara mbili, barua ikafunguka. Maneno manne: Ndugu yangu, yale matooka.

Basi. Hata nukta haikuwapo.

Alitaka kunilaani? Alitaka kunisamehe? Au alitaka kuniuliza kwa nini, basi? Nimeyarudisha matooka mahali pake mbele ya mjane na wazee, na nilichofanya nimekitaja kwa mdomo wangu. Wazee walisema jambo limekwisha. Limekwisha kwao. Ukungu ukishuka sokoni, nasikia ule mlio wa kubonyeza juu ya meza isiyo na kitu, na sijawahi kusoma hata herufi moja.

Wewe unayesoma haya, mtu akikuletea kitu anachotumia kusema, kifungue siku hiyo hiyo, hasa ukiogopa atakachosema. Laana ningeizoea. Hili la kutojua limenishinda.